Mkono Uje Mwisho: Kumtoa Mnyama Ndani ya Injini Ukambani

Dereva akisikia kitu kinalia au kukwaruza ndani ya boneti asubuhi, wazo la kwanza huwa ni kuwasha gari ili kilichomo kikimbie. Wazo la pili ni kupenyeza mkono na kukivuta. Yote mawili ni hatari popote pale, lakini katika kaunti za Kitui na Makueni hatari hiyo ina sura yake ya mahali. Sauti ile yaweza kuwa ya mtoto wa paka aliyewakimbia mbwa usiku. Yaweza kuwa ya panya anayetafuna waya, au ya swila aliyemfuata panya huyo. Ukiwa umesimama nje ya gari huwezi kujua ni yupi. Kwa hiyo naandika haya nikiwa na neno moja la kuwasihi wenye magari na mafundi wa huko: masikio na macho yafanye kazi kwanza, mkono uje mwisho, na kwa wanyama wengine usije kabisa.

Sababu za mnyama kuingia humo hazina mafumbo. Injini iliyozimwa jioni hubaki na joto kwa saa kadhaa, na usiku wa Ukambani, hasa kati ya Juni na Agosti, una baridi ambayo mgeni aliyezoea kusikia habari za ukame haitarajii. Mchana mambo hugeuka, mnyama akawa anatafuta kivuli, na chini ya gari ndipo kivuli kilipo. Magari mengi yako wazi kwa chini, kati ya gurudumu na injini, na kiumbe chenye ukubwa wa ngumi hupanda humo bila taabu. Kisha kuna msimu wa mavuno. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima wa Kitui na Makueni, na ndengu zikivunwa baada yake magunia hujaa madukani na katika maghala ya nyumbani. Mazao huleta panya, na panya huleta nyoka. Pikapu inayolala ubavuni mwa ghala imekaa katikati ya msafara huo.

Wajapani walilitambua tatizo la paka zamani. Novemba 2015 kampuni ya Nissan ilianzisha huko kampeni ya kuwahimiza madereva wagonge boneti kwa kiganja kabla ya kuwasha gari wakati wa baridi, ili paka aliyelala ndani apate nafasi ya kutoka. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayopita Wote, Emali, Mwingi na Mutomo yametoka Japani yakiwa yametumika, kwa kuwa Kenya huruhusu kuingizwa gari lisilozidi umri wa miaka minane. Probox inayobeba abiria kutoka Kibwezi kwenda Mutomo pengine iliwahi kugongwa boneti kila asubuhi na mwenyewe wa kwanza. Gari lilivuka bahari, lakini desturi ile ilibaki huko, na ningependa tuichukue. Gonga mara mbili tatu, subiri kama dakika moja, sikiliza, ndipo uwashe.

Sasa tuseme umegonga na kitu kimejibu.

Usiwashe. Injini ya petroli ikiwa imewaka tu, bila kukanyagwa mafuta, huzunguka takriban mara 700 hadi 800 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya mara 11 kila sekunde. Mkanda unaozungusha alternata huanza mwendo huo papo hapo, na mtoto wa paka aliyelala juu yake hana sekunde ya kufikiri. Kama gari lilikuwa limewaka, lizime, toa ufunguo, vuta breki ya mkono, na weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu. Usikimbilie kulisukuma pia, maana mnyama anaweza kuwa amejibana kwenye upinde wa gurudumu au karibu na shafti. Gurudumu likizunguka hata robo, litamponda.

Fungua boneti polepole na uiegemeze vizuri. Hapo kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui: katika magari mengi feni ya rejeta huzungushwa na umeme, na inaweza kuanza yenyewe hata baada ya injini kuzimwa, kama maji ya rejeta bado yana joto kali. Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kuinamia humo, fundi afungue waya hasi wa betri kwa spana na kuusogeza pembeni. Mfuniko wa rejeta usiguswe. Injini iliyotoka safarini ina maji yenye joto la karibu nyuzi 90, na bomba la moshi linalotoka kwenye injini lina joto kubwa zaidi ya hilo. Boneti ikiachwa wazi, joto lile hupanda na kutoka, na aliyemo ndani hupata hewa huku nanyi mkisubiri chuma kipoe.

Kusubiri huko ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu gari lililofunguliwa boneti mbele ya duka halikosi watazamaji. Kila mmoja ana shauri. Mmoja atataka kumwaga maji, na mwingine ataomba mafuta ya taa. Kuna wa tatu aliyekwisha kushika fimbo. Mwenye gari awaombe warudi nyuma, watoto waondolewe, mbwa wafungwe. Mnyama aliyezungukwa na kelele hujisokomeza ndani zaidi, kwenye pembe ambayo hata fundi hafikii bila kufungua nusu ya gari.

Baada ya hapo tafuta kwa macho. Tochi ya simu inatosha, ikishikwa mbali na uso, ikipita taratibu: juu ya betri, nyuma ya rejeta, chini ya boksi la kichujio cha hewa, juu ya gia boksi, kisha kwa chini, juu ya ile kava ya plastiki inayokinga injini na vumbi. Paka utayaona macho yake yakirudisha mwanga. Panya huacha nyasi zilizokatwakatwa, vipande vya karatasi na mavi madogo meusi. Nyoka mara nyingi haonekani mzima. Kinachoonekana ni kipande cha mwili kilichojikunja kando ya bomba, ambacho kwa mtazamo wa haraka ni kama bomba jingine. Ukiona bomba lenye magamba, au ukakosa uhakika wa unachokiona, rudi nyuma. Hadi hapo, mbali na fundi aliyefungua waya wa betri, hakuna aliyeingiza mkono.

Akiwa ni paka, kazi inakuwa ya uvumilivu tu. Paka mzima mwenye afya hutoka mwenyewe pakiwa kimya. Weka sahani ya omena au kipande cha samaki hatua chache kutoka kwenye gari, mwende mkae mbali, na mwache nusu saa au zaidi. Kwa kitoto kinacholia, mama yake mara nyingi yuko karibu, nyuma ya ukuta au kwenye kichaka, na anaogopa umati kuliko anavyoogopa gari. Nimeona watu wakimtoa mtoto wa paka kwa mafanikio kwa kuondoka tu.

Kuna anayekwama kweli. Mahali panapokamata watoto wa paka zaidi ni juu ya kava ya chini. Huteleza kutoka kwenye injini, wakatua kwenye lile beseni la plastiki, wakashindwa kupanda. Ukimvuta kutoka juu utamvunja mguu. Njia ni kupita chini, na hapo gari lipelekwe juu ya shimo la fundi, au linyanyuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi. Jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia gurudumu. Kwenye udongo mwekundu wa Makueni au mchanga wa Kitui huzama bila taarifa, kwa hiyo iwekewe ubao chini, na hakuna mtu wa kuingia uvunguni kwa kuitegemea hiyo peke yake. Maisha ya mtu hayabadilishwi na ya paka, na aliye na huruma ndiye anayesahau hilo upesi.

Fundi anayeijua kazi hafungui kava yote kwa mpigo. Huanza na klipu za upande ule usio na mnyama, anaziachia moja moja, kisha anaishusha kava kwa kiganja kidogo kidogo huku mwenzake ameweka katoni yenye taulo au leso kuukuu chini ya pengo. Mtoto wa paka huteleza mwenyewe hadi kwenye katoni. Kama ni lazima ashikwe, mshikaji avae glavu nene, zile za kuchomelea chuma zinafaa, amfunike kwa taulo kichwa na miguu ya mbele kwanza, kisha amwinue akiwa amemkamata ngozi ya shingoni na kumtegemeza makalio. Asivutwe mkia wala mguu. Akiwa amebanwa na kitu chembamba, mafuta kidogo ya kupikia yanaweza kumlegeza. Oili chafu ya injini haifai hata tone, kwa sababu paka akitoka atajilamba mwili mzima, na oili ile ni sumu. Dizeli na mafuta ya taa ni vivyo hivyo, na juu ya chuma cha moto vinaweza kuliteketeza gari lenyewe.

Akitoka mmoja, msifunge boneti. Paka huzaa watoto kadhaa kwa mara moja, na aliyelia huenda ndiye aliyekuwa na sauti tu. Rudieni kutafuta tangu mwanzo.

Nasisitiza glavu kwa sababu moja kubwa. Meno ya paka ni membamba kama sindano, huingia ndani na kuacha tundu dogo linalojifunga juu huku uchafu ukibaki chini, na vidonda vya aina hiyo huozesha mkono kwa haraka. Zaidi ya hapo kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, nje kidogo ya Nairobi, na haujaondoka tangu hapo. Serikali ilipoandaa mkakati wa kuutokomeza kwa binadamu, wa 2014 hadi 2030, kaunti tano zilichaguliwa kuanza: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Kitui na Makueni. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu duniani, na lengo la mkakati ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Lakini paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huupata na kuupitisha, na paka anayejificha ndani ya gari huku akitoa udenda, akishambulia kila kinachomkaribia au akiwa amelegea isivyo kawaida, asiguswe na mtu yeyote. Huyo ni wa ofisi ya mifugo ya kaunti.

Aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani ukiwa umesimama bombani na mkono unauma, kwa hiyo tazama saa. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, na akianza chanjo aimalize. Dalili za kichaa zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Pilipili, majivu na dawa za miti kwenye jeraha hupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Nyoka ni habari nyingine kabisa. Kwa nyoka sina maelekezo ya kumtoa, na namwomba fundi asiyafuate ya mtu mwingine pia, hata awe jirani aliyewahi kufanikiwa. Nyika ya Kitui na Makueni ina koboko, mwembamba, mrefu, wa rangi ya kijivu, mwenye kinywa cheusi ndani. Ina kifutu, yule mnene anayelala bila kujongea hadi akanyagwe. Na ina swila, ambaye hahitaji kukugusa. Swila mkubwa wa maeneo makavu ya mashariki na kaskazini mwa Kenya alidhaniwa kwa muda mrefu kuwa namna tu ya swila wengine, mpaka mwaka 2007 wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walipomtenga kuwa spishi yake na kumpa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu. Huyu hulenga macho, na sumu yake hufika mita mbili na zaidi. Anayeinama juu ya injini kwa tochi ameuweka uso wake pale pale anapolenga.

Kwa hiyo watu wakae mbali, mmoja abaki akiangalia bila kumwondolea macho, na picha ipigwe kwa kuvuta karibu kwa simu badala ya kwa miguu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo lenye kazi hiyo. Upande wa Makueni lipo Mtito Andei kwenye lango la Tsavo Magharibi, na lipo Chyulu karibu na Kibwezi. Kitui ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na afisa anaweza kuwa mbali. Katika muda huo nyoka aachwe. Akipewa utulivu na njia ya kutoka, mara nyingi huondoka mwenyewe, kwa kuwa ndani ya injini hakuna anachokitaka zaidi ya joto, kivuli au panya. Kumwagia mafuta ya taa humkurupusha, na nyoka aliyekurupushwa hupenya popote, hata hadi ndani kwenye miguu ya dereva. Na ukimgundua ukiwa barabarani, tuseme kwenye barabara kuu ya Mombasa kati ya Makindu na Kiboko penye malori mengi, usiruke. Punguza mwendo, toka kando ya lami, washa taa za tahadhari, simama kabisa ndipo utoke na abiria.

Swila akimtemea mtu machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi mara moja, bila kuyasugua, na aende hospitali. Nyoka yeyote akimwuma mtu, mtu huyo alazwe atulie, pete na saa zivuliwe kabla ya uvimbe, mkono au mguu uliong'atwa usitikiswe, na safari ianze. Kuchanja kwa wembe, kunyonya, kufunga kamba na kuweka jiwe jeusi vyote viachwe. Hospitali ya misheni ya Mutomo imewapokea walioumwa na nyoka kwa miaka mingi, na watu wa Kitui Kusini wanajua hilo. Lakini dawa ya sumu ya nyoka Kenya huagizwa kutoka nje na haipo katika kila zahanati, kwa hiyo mtu mmoja apige simu kuuliza wapi ipo wakati mwingine anaendesha. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa Juni 2017, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo 2030. Vingi vya vifo hivyo hutokea mashambani, mbali na magari. Kuongeza kimoja zaidi kwa sababu ya haraka ya kufika sokoni ni msiba usio na sababu.

Wapo wanyama wengine wanaoingia ndani ya injini. Komba hutembea usiku na huweza kujikuta humo, nguchiro pia, na pimbi penye majabali. Wote huuma, wote ni wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kuwafuga bila leseni, hata akiwaokoa kwa nia njema. Wafunguliwe njia, waachwe waende. Kwa paka na mbwa kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na anayemchoma paka kwa maji ya moto ili atoke anaivunja.

Panya ndiye mgeni wa kawaida kuliko wote na ndiye anayeharibu zaidi. Hutafuna ngozi ya waya, huvuta nyasi na pamba hadi karibu na bomba la moshi, na nyasi kavu hapo ni moto unaosubiri safari ndefu. Honda huuza utepe wa kuzungushia waya wenye ukali wa pilipili kwa ajili hiyo, lakini kwa mkulima wa ndengu dawa ya kweli ni kuliondoa gari karibu na ghala na rundo la kuni, kufagia punje zilizomwagika kwenye pikapu na kuweka mitego. Sumu ya panya ndani ya boneti siiafiki. Panya aliyekula huenda kufia ndani ya mifereji ya hewa, au hutoka nje akiwa mlegevu na kuliwa na paka au bundi, ambao ndio waliokuwa wakikusaidia.

Mnyama akishatoka, gari halijawa tayari. Fundi aiangalie mipira ya maji na ya breki, avute waya moja moja kuona kama zimetafunwa, atoe nyasi zote, arudishe kava na kila klipu yake, maana kava inayoning'inia ndiyo mlango wa mgeni anayefuata. Waya wa betri urudishwe mwisho. Na maombi yangu kwa ofisi za mifugo za kaunti hizi mbili ni kwamba zinapohamasisha watu kuhusu kichaa cha mbwa, hasa ile Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ya 28 Septemba, zipite pia kwenye gereji za Emali, Kibwezi, Kitui mjini na Mwingi. Mafundi huingiza mikono kwenye injini za watu kila siku, na huenda wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba mparuzo wa paka ni jambo la hospitali.